Leza Zilizoweka Rekodi, na Ile Iliyofika Likoni

Saiba za Likoni, maduka ya Kisauni na ofisi za mizigo za Changamwe zinatumia leza kutwa: ndani ya printa, kwenye kifaa cha kusomea bakodi, nyuma ya intaneti ya faiba. Siku hizi karibu zote ni za semikondakta, ilhali zile za printa na za bakodi zilianza na mabomba ya kioo yenye gesi. Rekodi zifuatazo zinaonyesha kwa nini hata holografia (picha yenye kina) na lithografia (kuchora saketi kwa mwanga), zilizokuwa kazi za maabara tajiri, sasa zinawezekana Mombasa bara.

Ya gesi ya kwanza. Desemba 1960, Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, na wenzake wa Bell Labs, Marekani, waliwasha leza ya heliamu na neoni. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutoa mwali usiokatika.

Ya semikondakta ya kwanza. Robert Hall wa General Electric aliiwasha Septemba 1962, lakini ilibidi ipozwe kwa naitrojeni majimaji. Mwaka 1970 ndipo kundi la Zhores Alferov kule Leningrad, na Hayashi na Panish wa Bell Labs, walipoiwezesha kuwaka mfululizo katika joto la kawaida. Kwa mji wenye joto kama wetu, hakuna rekodi iliyo kubwa kuliko hiyo.

Printa ya kwanza ya leza ya semikondakta. Ni Canon LBP-10 ya 1979. Kila saiba inayochapisha barua za maombi ya kazi ina deni kwake.

Mlafi wa umeme. Leza kubwa ya argoni hula kilowati kadhaa na kudai maji ya kupozea, ili itoe wati chache tu za mwanga. Diodi bora, yaani leza ya semikondakta, hugeuza zaidi ya nusu ya umeme wake kuwa mwanga, na kijiwe chake ni kidogo kuliko punje ya mchele. Stima ikipotea, betri inatosha.

Mvumilivu kuliko wote. Kebo ya intaneti ya LION2 ilifika Nyali mwaka 2012, Nyali ikiwa bado ndani ya jimbo la Kisauni. Vikuza mwanga vya kebo za namna hiyo husukumwa na leza za diodi zilizolala chini ya bahari, na mfumo hubuniwa udumu miaka 25. Huko hakuna fundi wa kubadilisha bomba la gesi.

Wimbi fupi lililoshuka bei. Mwaka 1995 Shuji Nakamura wa Japani aliwasha diodi ya kwanza ya leza ya zambarau-buluu. Jamaa zake za nanomita 405 ziliingia kwenye mashine za Blu-ray. Wimbi hilo linakaribiana sana na mstari mmoja wa taa ya zebaki iliyozoeleka katika lithografia, hivyo dawa zilezile za kuchorea bodi za saketi huliitikia.

Picha yenye kina. Dennis Gabor alibuni holografia mwaka 1947, na Leith na Upatnieks wa Michigan wakaipa uhai kwa leza ya gesi miaka ya 1960. Leo diodi nyekundu inatosha. Joto likibadilika wimbi lake huhama, basi iache iwake kwa dakika kadhaa itulie. Mtikisiko mdogo kuliko wimbi la mwanga huharibu picha, basi fanya kazi usiku wa manane, malori ya bandarini yakipungua.

Taji ambalo gesi haijavuliwa. Mashine za ASML za Uholanzi, zinazochonga chipu bora duniani, hupiga matone ya bati mara 50,000 kwa sekunde kwa leza ya gesi ya kaboni dioksidi, zikapata mwanga wa nanomita 13.5.

Vyuo vya ufundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe visingoje mashine hizo. Vianze na diodi ya nanomita 405, miwani ya kinga ya wimbi hilo na meza nzito. Mwanafunzi atakayechora saketi yake kwa mwanga atakuwa ameshika kanuni ileile iliyotengeneza chipu ya simu yake.