Moto Hauulizi Mpaka: Majirani Wajitayarishe Kabla ya Kiangazi

Mvua za vuli zikiisha, nyasi za Kinangop na Ol Kalou huanza kubadilika rangi. Mwezi wa Desemba bado zina ubichi kidogo chini. Mwezi wa Januari zimekuwa manjano, na ifikapo Februari ukizishika mkononi zinavunjika kama karatasi. Siku hizo mkulima hufikiri sana habari za malisho na maji ya ng'ombe. Ni vema afanye hivyo, lakini liko jambo jingine ambalo yampasa kulifikiri mapema, maana likishafika halimpi mtu nafasi ya kufikiri. Jambo hilo ni moto wa nyasi.

Neno letu kwa wakulima mwezi huu ni moja tu. Mkulima mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kulinda shamba lake na moto akiwa peke yake. Kinga ya shamba lako iko nusu mikononi mwako, na nusu mikononi mwa jirani yako.

MASHAMBA MENGI, MOTO MMOJA

Mpango mkubwa wa kugawa mashamba ya makazi ulianza mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Zaidi ya ekari milioni moja zilizokuwa za walowezi wa Kizungu ziligawiwa jamaa wapatao 35,000, na Kinangop na Ol Kalou zilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Shamba moja kubwa likakatwa kuwa mashamba mengi, na watu waliotoka mahali mbalimbali wakajikuta wanapakana. Tangu wakati huo baba wamegawia wana, na wana wamegawia wajukuu, hata mahali palipokuwa na mpaka mmoja leo pana mipaka mingi.

Mipaka hiyo ina maana kubwa kwa mkulima na kwa ofisi ya ardhi. Kwa moto haina maana hata kidogo.

Juu ya mashamba haya imesimama milima ya Aberdare, ambayo kilele chake kirefu, Ol Donyo Lesatima, kina mita 4,001. Mwezi wa Februari 2022 moto ulichoma nyasi na vichaka vya huko juu. Mlima Kenya nao uliungua mwaka 2012, na tena mwaka 2019. Asiwepo mkulima wa kusema ya kwamba hayo ni mambo ya askari wa msitu. Mto Malewa, uendao ziwa la Naivasha, unatoka katika Aberdare, na bwawa la Sasumua lililoko Kinangop hupeleka maji Nairobi. Ardhi ya mlimani ikiungua, mvua hutelemka upesi na kuchukua udongo, badala ya kuingia chini na kulisha mito wakati wa kiangazi.

Wala si kila moto unaotoka mlimani. Mingine huanza mashambani na kupanda kwenda msituni. Mtu huchoma takataka za shamba wakati wa upepo. Mrina asali huacha mwenge wake. Mchoma makaa huondoka kabla tanuri haijapoa, au mchungaji hupasha chai na kufunika makaa kwa majani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza mtu kuwasha moto msituni bila ruhusa, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila jiko. Macho ya majirani yanaweza.

JINSI MOTO UNAVYOKWENDA

Moto hutaka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Ukiondoa kimoja, moto hufa. Mkulima hana amri juu ya upepo wala jua, lakini kitu cha kuungua kiko chini ya panga lake.

Kwenye mteremko moto hupanda upesi kuliko unavyoshuka, kwa sababu ndimi zake huelekea juu na kukausha nyasi zilizo mbele kabla hazijashika. Kwa hiyo mwenye nyumba juu ya kilima, ambaye chini yake kuna nyasi ndefu, yuko katika hatari kuliko mwenzake aliye bondeni.

Upepo nao hurusha cheche mbali. Magome makavu ya mikaratusi ni mabaya sana kwa jambo hili, maana huruka yakiwa bado yanawaka. Ua wa misaipresi kwa nje ni wa kijani, lakini ndani yake mna majani makavu ya miaka mingi. Ukishika moto, huupeleka kutoka boma hadi boma.

MFANO WA MASHAMBA MANNE

Tuchukue mfano wa mashamba manne yanayofuatana chini ya msitu. Wenye shamba la kwanza, la pili na la nne wamefyeka vizuri. Shamba la tatu ni la mtu anayefanya kazi mjini, na nyasi zake zimefika kiunoni. Moto ukishuka, utapita pale penye chakula. Utaingia shamba la tatu, utapata nguvu, kisha utawageukia wa pili na wa nne kwa ubavuni, mahali wasipoutazamia. Ng'ombe wa gredi, ghala ya viazi na marobota ya nyasi kavu ya watu wawili waangalifu yatakuwa hatarini kwa ajili ya ekari chache zisizo zao.

Basi wafanye nini? Kumlaumu yule wa mjini hakuzimi moto. Wampigie simu mwezi wa Novemba, wasingoje Februari. Wamwombe ama amlipe kibarua wa kufyeka, ama awape ruhusa wafyeke wao wenyewe na kuchukua nyasi kuwa malisho na matandiko ya ng'ombe. Watu wengi wakiombwa kwa heshima watakubali. Akikataa au asipopatikana, jambo hilo lipelekwe kwa mzee wa kijiji na kwa chifu kabla kiangazi hakijaingia.

Na ikiwa mwenye shamba la tatu ni mzee, au mjane asiye na mtu wa kumsaidia, majirani waanze kufyeka kwake kabla ya kwao. Wakifanya hivyo wameziba tundu katika boma lao wenyewe.

UKANDA WA KUZUIA MOTO SI MPAKA

Iko shida moja ambayo watu hawapendi kuisema barazani. Majirani wawili wana kesi ya mpaka, na kila mmoja anaogopa ya kwamba akimruhusu mwenzake kufyeka pale, kesho atasema ardhi ile ni yake. Hivyo hakuna anayefyeka, na mahali penye ugomvi ndipo penye nyasi ndefu kuliko pote.

Dawa yake si ngumu. Wakutane mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi wawili. Wakubaliane ya kwamba ukanda utakaofyekwa ni wa kuzuia moto tu, na hautatumiwa na mtu yeyote kuwa ushahidi wa mpaka. Waandike maneno hayo na kutia sahihi, na mawe ya mpaka yasiguswe. Kesi yao iendelee mahali pake, bali nyumba zao zisiungue kwa ajili yake.

Ukanda ukatwe namna hii. Kwenye nyasi za kawaida, kila jirani afyeke hatua tano upande wake wa mpaka, ili ukanda uwe na hatua kumi kwa jumla. Palipo na mteremko mkali au nyasi ndefu sana, ongezeni. Nyasi zilizofyekwa ziondolewe, kwa maana zikiachwa pale zitakauka na kuwa chakula cha moto.

Msilime ukanda kutoka juu hadi chini ya kilima, kwani mvua za masika zitaugeuza kuwa mfereji na kuchukua udongo wenu. Hapo fyekeni tu na kuiacha mizizi ishike udongo, au fungeni kondoo na ng'ombe wale mpaka chini. Tena msitengeneze ukanda kwa kuchoma, isipokuwa maafisa wanaohusika wametoa ruhusa na kusimamia.

Kumbukeni pia ya kwamba barabara, shamba la viazi lililovunwa na kulimwa, na malisho ya nyasi fupi ni vipande vya ukanda vilivyo tayari. Majirani wakitembea pamoja asubuhi moja na kuvitazama, wataona mahali pa kuviunganisha, na kazi itapungua sana.

Kuzunguka nyumba, hatua kumi za kwanza zisiwe na kuni, mabua, marobota wala majani makavu. Kutoka hapo mpaka hatua thelathini, nyasi ziwe fupi. Mafuta ya taa na mitungi ya gesi visiwekwe karibu na ghala ya nyasi.

MKUTANO WA MAJIRANI

Gari la kuzima moto huweza kuwa mbali, na barabara ya shambani huweza kuwa mbaya. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo nyumba kumi au kumi na tano zilizo karibu zikutane, na zikubaliane mambo haya sita:

1. Ishara. Kipande cha reli, kengele au filimbi ipigwe kwa namna isiyotumika kwa jambo lingine. Simu ni nzuri, lakini huweza kuwa haina moto wa betri au mtandao.

2. Watu walioko. Msiandike majina ya wanaume tu. Saa nane mchana, wakati nyasi zimekauka kabisa na upepo umeamka, wengi wa walioko nyumbani ni akina mama, wazee na watoto wasioenda shule. Kazi zigawanywe kwa kufuata watu watakaokuwapo kweli.

3. Vyombo. Mapanga, majembe, sepeto na magunia ya kulowesha vijulikane viko kwa nani. Chombo kilichofungiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko sokoni, hakisaidii.

4. Maji. Ni nani mwenye tangi, nani mwenye pampu ya kunyunyizia dawa iliyosafishwa, na nani mwenye punda na mkokoteni wa kuchukua mapipa?

5. Mahali pa kukimbilia. Chagueni shamba lililolimwa au uwanja mpana usio na nyasi ndefu. Kila mzee, mgonjwa na mtoto mdogo awe na mtu aliyetajwa wa kumpeleka.

6. Mpeleka habari. Mtu mmoja, na msaidizi wake, wapige simu kwa chifu, kwa kituo cha msitu kilicho karibu, na kwa polisi kwa namba 999 au 112. Waeleze mahali palipo na moto, upepo unaelekea wapi, na njia ipi inapitika kwa gari.

Mahali palipo na chama cha jamii cha msitu, mtumeni mtu wenu huko. Vyama hivyo vilipewa nafasi na sheria ya mwaka 2005, na sheria ya mwaka 2016 ikaviendeleza. Vinafanya kazi pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, basi ni vema vijue mpango wenu.

SIKU YA MOTO

Watu kwanza, wanyama pili, mali mwisho. Wasio na nguvu waondolewe mapema, wakati moshi bado uko mbali. Fungueni milango ya mabanda, maana ng'ombe aliyefungwa hana pa kwenda.

Moto mdogo wa nyasi fupi huweza kupigwa kwa matawi mabichi na magunia yaliyoloweshwa, au kufunikwa kwa udongo. Uufuate kutoka nyuma na ubavuni, ukikanyaga mahali palipokwisha kuungua. Usisimame mbele yake, wala juu yake kwenye mteremko. Ndimi zikipita kiuno cha mtu mzima, acheni kuupiga, mrudi kwenye ukanda wenu. Vaeni nguo za pamba au sufu na viatu vigumu. Nailoni huyeyuka juu ya ngozi. Mtu asiende peke yake, na mmoja wenu awe na kazi ya kuhesabu watu kila mara.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika ishirini, afunikwe kitambaa safi, apelekwe hospitali. Msimpake mafuta wala dawa ya meno.

Moto ukizimika, msiende kulala wote. Visiki na mavi makavu ya ng'ombe hushika moto ndani kwa siku nyingi, na upepo wa kesho huweza kuuamsha. Wekeni zamu ya kuchunga usiku na mchana, mpaka majivu yawe baridi kwa mkono.

KABLA DESEMBA HAIJAISHA

Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Maana yao ni ya kwamba kazi hufaulu watu wakisaidiana, kama vinga vya moto jikoni. Nyasi za shamba hili zikigusana na nyasi za shamba lile, moto nao hupata msaada wa namna hiyo hiyo. Yafaa majirani wawe wameungana kabla yake.

Basi, ndugu wakulima, kabla mwezi wa Desemba haujaisha kila kikundi cha majirani kiwe kimekutana, kimefyeka ukanda wake, na kimejaribu ishara yake angalau mara moja. Mkipiga ishara hiyo ya majaribio, tazameni ni nyumba ipi haikusikia. Hiyo ndiyo nyumba ya kuitembelea jioni ile ile.