Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji: hofu ya mama mjamzito aliye ugenini Jeddah

Mwanamke anapoambiwa na daktari kwamba hatajifungua kwa njia ya kawaida bali kwa upasuaji, kisha akapewa siku na saa, kinachofuata kwa wengi ni kukosa usingizi. Uchungu wa uzazi huja bila kupiga hodi. Upasuaji wa kupangwa una tarehe, na tarehe hiyo huhesabiwa usiku baada ya usiku. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha, na mama anayesubiri kupasuliwa anayajua vyema maneno hayo.

Leo tumeamua kuizungumzia hofu hiyo, hasa kwa kina mama wa Afrika Mashariki wanaojifungua nchini Saudi Arabia, mbali na mama zao, shangazi zao na wakunga waliowazoea.

Jina la Karantina linafahamika kwa Waafrika wengi waliopita Jeddah. Ni mtaa wa kusini mwa mji, upande wa bandari, ambao kwa miongo mingi ulikuwa makazi ya Waafrika wenye vibali na wasio na vibali. Jina lenyewe limetokana na karantini ya mahujaji waliokuja kwa meli, na mwaka 1956 kituo kikubwa cha karantini kilifunguliwa huko kusini mwa Jeddah. Hata mtaa wa Mahjar, ambako iko Hospitali ya Mfalme Abdulaziz, jina lake kwa Kiarabu lina maana hiyo hiyo. Karantina ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyobomolewa katika mpango wa jiji ulioanza mwaka 2021, na waliokuwa wakiishi humo wametawanyika. Lakini hali ya mama mjamzito wa Kiafrika aliyeko Jeddah au Riyadh haijabadilika sana. Bado anakwenda hospitali akiwa na lugha isiyotosha, karatasi zisizotosha na jamaa wasiotosha.

Hofu hii inatoka wapi?

Inafaa kusema wazi kwamba hofu ya kisu haitokani na ujinga. Mwanamke aliyelelewa Tanga, Mombasa au Bukavu amesikia habari za waliopasuliwa wasirudi nyumbani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Global Health, uliowafuatilia wanawake 3,792 katika nchi 22 za Afrika, ulionyesha kwamba walifariki takriban watano katika kila wanawake 1,000 waliojifungua kwa upasuaji. Hiyo ni mara 50 zaidi ya nchi tajiri.

Hata hivyo, ndani ya utafiti huo huo kuna jambo ambalo halisemwi sana. Zaidi ya robo tatu ya wanawake hao walipasuliwa kwa dharura. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo ni kuvuja damu, kuchanika kwa mfuko wa uzazi na matatizo ya dawa za usingizi. Kwa maneno mengine, hadithi nyingi tulizozibeba kutoka nyumbani ni za mama aliyeteseka na uchungu siku mbili, akabebwa kwa pikipiki au mkokoteni, akafika hospitali akiwa amechoka na damu imempungua, na hapo ndipo kisu kikaitwa.

Upasuaji wa kupangwa ni jambo jingine. Mama anaingia akiwa na nguvu zake, damu yake imepimwa, kundi la damu linajulikana, na daktari anajua kwa nini anampasua: pengine mtoto ametanguliza matako, kondo la nyuma limeziba njia, au mama ana makovu mawili ya nyuma. Huu nao ni upasuaji mkubwa, na hatari zake zipo. Lakini anayelala usiku akiwaza yaliyompata jirani yake wa kijijini anaogopa safari ambayo si yake. Hili ndilo jambo la kwanza la kujiambia.

Waganga wa Bunyoro mwaka 1879

Wapo wanaosema kwamba kujifungua kwa kisu ni mambo ya kizungu. Historia inasema vingine. Mwaka 1879 daktari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Bunyoro, Uganda ya leo, uliofanywa na mganga mwenyeji, na mwaka 1884 alichapisha maelezo yake katika jarida la tiba la Edinburgh. Aliandika kwamba msichana wa takriban miaka 20, mwenye mimba ya kwanza, alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe hiyo, kisha kwa maji. Baada ya kumtoa mtoto, damu ilizuiwa kwa chuma cha moto na jeraha likafungwa kwa pini za chuma. Baada ya siku 11 mama alikuwa amepona.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu moja. Waganga wale walijua kwamba hofu na maumivu ya mama ni sehemu ya kazi yao. Mama alipewa kitu cha kumtuliza, alikuwa na wasaidizi wa kumshika, na nje ya kibanda watu walikuwa wamekusanyika. Leo pombe ya ndizi imechukuliwa nafasi na ganzi iliyo bora zaidi mara nyingi. Kinachokosekana kwa mama wa Jeddah ni wale watu.

Siku yenyewe, hatua kwa hatua

Wataalamu wa afya wanakubaliana kwamba mtu huogopa zaidi lile asilolijua. Kwa hiyo ni vyema kujua mapema yatakayotokea.

Kama hakuna sababu ya kuharakisha, upasuaji wa kupangwa kwa kawaida hufanywa mimba ikifikia wiki 39, ili mapafu ya mtoto yawe yamekomaa. Mama huambiwa asile kwa saa sita au zaidi, na maji pia huzuiwa muda fulani kabla. Afuate maelekezo ya hospitali yake bila kuyapunguza, kwa kuwa tumbo lenye chakula ni hatari endapo italazimu apewe nusu kaputi.

Atavalishwa gauni la hospitali, atawekewa dripu mkononi na mpira wa mkojo. Wengi hupewa ganzi ya mgongoni: mama huketi au hulala ubavu, huinama kama anayemkumbatia mtoto, na sindano huingizwa sehemu ya chini ya mgongo. Dakika chache baadaye miguu inakuwa mizito na sehemu ya chini ya mwili haisikii maumivu. Mama yuko macho, lakini pazia huwekwa kifuani ili asione.

Hapa kuna mambo matatu ambayo huwashtua wengi kwa kuwa hawakuambiwa. Kwanza, ganzi huondoa maumivu lakini haiondoi hisia zote. Mama atahisi kuvutwa na kusukumwa, na hiyo si dalili kwamba ganzi imeshindwa. Akihisi maumivu makali aseme mara moja, kwa sababu ipo njia ya kumsaidia. Pili, mwili unaweza kutetemeka wote hadi meno yakagongana. Hutokea mara nyingi na hupita. Tatu, shinikizo la damu linaweza kushuka, mama akahisi kichefuchefu au kizunguzungu. Amwambie mtaalamu wa ganzi, ambaye hukaa upande wa kichwa chake muda wote na ana dawa ya tatizo hilo tayari.

Kwa kawaida mtoto hutoka ndani ya dakika kumi za mwanzo. Muda unaobaki, nusu saa au zaidi, ni wa kushona. Kwa hiyo mama asiogope akiona kazi inaendelea baada ya kusikia kilio cha mtoto.

Maneno machache ya Kiarabu

Wauguzi wengi katika hospitali za Saudia ni kutoka Ufilipino na India na wanazungumza Kiingereza, lakini madaktari wengi hutumia Kiarabu. Si lazima mama aijue lugha yote. Yatamsaidia maneno machache: *qaisariya* ni upasuaji wa uzazi, *banji nisfi* ni ganzi ya nusu ya mwili, *banji kamil* ni nusu kaputi, *waja'* ni maumivu, na *ana khaifa* ni "mimi naogopa". Hili la mwisho wengi huona aibu kulitamka, na hali mtaalamu wa ganzi akilisikia hubadilisha namna anavyozungumza na mgonjwa na mara nyingine hubadilisha hata dawa.

Maswali pia yaandikwe kwenye karatasi kabla ya siku ya kliniki: Kwa nini napasuliwa? Ni ganzi ya aina gani? Je, mume au dada yangu ataruhusiwa kuingia? Nitamshika mtoto lini? Nikiishiwa damu itatoka wapi? Swali lililoandikwa halikimbii hata moyo ukidunda.

Ifahamike pia kwamba kwa mujibu wa miongozo ya Wizara ya Afya ya Saudia, mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kutia saini mwenyewe ridhaa ya upasuaji wake. Halazimiki kusubiri mume aliye safarini, wala kafili.

Hofu ya karatasi

Kwa wengi waliopitia Karantina, hofu kubwa kuliko ya kisu ilikuwa ya dawati la mapokezi. Hospitali huomba iqama na cheti cha ndoa. Asiye na kimoja kati ya hivyo huogopa kukamatwa, na hivyo huahirisha kliniki mwezi baada ya mwezi. Vyombo vya habari vya Kenya vimeandika mara nyingi kuhusu kina mama waliokwama Saudia na watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Bila faili la kliniki hakuna upasuaji wa kupangwa. Mwenye kondo lililoziba njia, ambaye angepasuliwa kwa utulivu wiki ya 37, hufikishwa usiku akiwa anavuja damu. Kwa kukimbia dawati la mapokezi, anaangukia kwenye upasuaji ule ule wa dharura ambao hadithi za nyumbani zilimwogopesha.

Ushauri wetu ni kwamba mwenye tatizo la karatasi awasiliane na ubalozi wa nchi yake mapema, mimba ikiwa changa. Balozi za Tanzania, Kenya na Uganda ziko Riyadh. Mwenye ndoa ya nyumbani iliyofungwa kwa kadhi au kanisani aagize cheti na kukithibitisha kabla ya miezi ya mwisho. Namba 937 ni ya Wizara ya Afya ya Saudia kwa maswali na malalamiko, na 997 ni ya gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu. Kwa dharura, sheria ya nchi hiyo inazitaka hospitali binafsi kumhudumia mgonjwa kwanza kabla ya kuuliza malipo.

Usiku wa mwisho

Usiku wa kuamkia upasuaji si wakati wa kupokea simu za kila mtu. Achaguliwe ndugu mmoja wa kupokea habari na kuzisambaza. Atafutwe pia mwanamke mmoja, hata kama ni jirani tu, atakayekwenda hospitali na kukaa mlangoni. Huyo ndiye shangazi wa siku hiyo.

Kupumua polepole husaidia kweli: kuvuta pumzi kwa puani, kisha kuitoa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kumi. Moyo hupungua kasi. Wengi wa Kiislamu husoma Surat Maryam, na Wakristo husali zaburi zao. Yote hayo hutuliza pumzi pamoja na moyo. Lakini dawa za usingizi za dukani na miti shamba visitumiwe bila daktari kujua, kwa sababu vingine vinaweza kugongana na ganzi au kuzidisha damu.

Ikiwa hofu imedumu wiki nyingi, mama hali, halali, au anaona heri afe kuliko kwenda hospitali, huo ni ugonjwa na una tiba. Amwambie daktari, na watu wa nyumbani wasimcheke.

Wala asisikilize wanaosema kwamba aliyepasuliwa hakuzaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kovu la tumboni ni ushahidi wa kutosha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila watano duniani alizaliwa kwa njia hiyo.

Mwisho, kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, mama aombe ripoti ya upasuaji kwa maandishi: sababu, tarehe na namna mfuko wa uzazi ulivyokatwa. Aiweke pamoja na pasipoti. Akirudi Unguja au Kisumu na kushika mimba nyingine, karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia daktari kama anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida au apangiwe tena tarehe mapema, kabla uchungu haujaanza.