Krismasi ya Ugenini Ujerumani

Kwa Watanzania na Wakenya wengi, Krismasi huanzia stendi ya basi. Wachaga hufunga biashara zao Dar es Salaam na kurudi Kilimanjaro, Wakenya huondoka Nairobi kwenda mashambani, na nauli hupanda. Anayesoma au kufanya kazi Ujerumani hana basi la kumfikisha kwao. Tiketi ya ndege ya Desemba ni ghali na mapumziko ya chuo hayazidi sana wiki mbili, kwa hiyo wengi hubaki huko, na shughuli ambazo nyumbani zingebebwa na ukoo mzima huwaangukia marafiki.

Kalenda ya wenyeji ndiyo ya kwanza kueleweka. Kilele cha sikukuu kwa Wajerumani ni jioni ya tarehe 24, siku ambayo familia nyingi hula saladi ya viazi na soseji, kisha kufungua zawadi. Maduka hufungwa mapema, mengi ifikapo saa nane mchana, na hayafunguliwi hadi tarehe 27, kwa kuwa 25 na 26 zote ni sikukuu za kitaifa. Masoko ya Krismasi yanayochangamsha miji tangu mwisho wa Novemba, kama lile la Dresden lililoanza mwaka 1434, nayo hufikia mwisho wake. Mjini Berlin jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na barabara hubaki tupu. Mgeni asiye na habari hujikuta na friji tupu na hana mlango wa kubisha.

Ndiyo maana maandalizi huanza wiki kadhaa kabla, kwenye kundi la WhatsApp. Huamuliwa kiasi cha mchango, nani mwenye sebule kubwa, na nani alete nini. Mchele wa basmati na viungo vya pilau hupatikana kwa Wahindi, unga wa sembe na ndizi za kupika kwenye maduka ya Waafrika. Nyama hununuliwa kwa Waturuki: ni halali, hivyo Mzanzibari Mwislamu hukaa meza moja na wenzake bila wasiwasi, kama ambavyo majirani hualikana Idd na Krismasi nyumbani. Mbuzi ni adimu, kwa hiyo kondoo huchukua nafasi yake.

Mapishi yenyewe yana visa vyake. Vitunguu vya pilau havina budi kukaangwa hadi viwe vya kahawia, na kwenye bweni la wanafunzi moshi wake huweza kuamsha king'ora cha korido. Basi madirisha hufunguliwa kwenye baridi kali, mpishi akikoroga sufuria huku amevaa koti. Pembeni Mkenya husukuma chapati kwa chupa, maana kifimbo hakuna.

Saa ya kula hupangwa kwa kufuata zamu. Wapo wauguzi na wanaojifunza kutunza wazee, na hospitali hazina sikukuu. Anayetoka kazini saa nane husubiriwa. Simu za nyumbani nazo zina wakati wake. Majira ya baridi Afrika Mashariki iko mbele kwa saa mbili, hivyo atakayesubiri hadi saa nne usiku kupiga huweza kuwakuta wazee wamelala. Wengi hupiga mchana, baada ya ibada, na simu huzungushwa mezani ili mama wa mmoja awasalimie wote. Fedha za sikukuu huwa zimeshatumwa mapema, ili nyumbani wanunue nyama na nguo za watoto.

Muziki una mipaka. Kuanzia saa nne usiku majirani wana haki ya utulivu, na siku za sikukuu kelele hazivumiliwi hata mchana. Wenyeji wa hafla wenye busara huwaarifu majirani mapema, na sahani ya pilau iliyopelekwa ghorofa ya chini hupunguza malalamiko.

Tarehe 26 ni siku ya kiporo na usafi. Chupa tupu za plastiki hukusanywa, kwani nyingi zina amana ya senti 25 kila moja. Maduka yakifunguliwa hurudishwa, na fedha hizo huingia kwenye mchango wa Mwaka Mpya.