Moshi Mmoja, Miili Tofauti

Kwenye msiba wa mtu aliyekufa kwa saratani ya mapafu hakosekani wa kusema, "Mbona babu alivuta tumbaku mpaka uzeeni na hakuugua?" Swali hilo ni la haki, na wanasayansi wamelihangaikia kwa miaka mingi.

Moshi wa sigara, hata wa kuni, una kemikali iitwayo benzopireni. Ikiingia mwilini, yenyewe haina makali sana. Mwili una kimeng'enya kinachoibadili ili iyeyuke kwenye maji na kutolewa nje. Lakini kabla kazi hiyo haijakamilika huzaliwa kemikali kali inayoweza kunata kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu. Yaani fagio lenyewe laweza kutimua vumbi. Tena moshi ukizidi, mwili hutengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi zaidi: wengine huongeza kidogo, wengine maradufu.

Mwaka 1973, Kellermann na wenzake huko Houston, Marekani, walitangaza kwamba wameipima tofauti hiyo. Walitenga seli nyeupe za damu, wakazikuza maabara, kisha sehemu moja wakaitia kemikali ya kuamsha kimeng'enya na nyingine wakaiacha hivyo hivyo, wapate kulinganisha. Watu wakagawanyika makundi matatu: wenye mwitikio mdogo, wa kati na mkubwa. Kati ya wagonjwa 50 wa saratani ya mapafu, wenye mwitikio mdogo walikuwa wachache mno. Kwa hesabu yao, hatari ya wenye mwitikio mkubwa ilikuwa mara 36 ya wale wenye mdogo.

Wengi walifurahi, pengine mapema mno. Watafiti kadhaa waliporudia kazi hiyo hawakuiona tofauti kubwa namna ile. Seli hizo ni ngumu kukuza, na vipimo viliyumba hata kwa majira ya mwaka. Zaidi ya hayo, viko vimeng'enya vingine vinavyoituliza ile kemikali kali kabla haijadhuru. Kupima kimoja tu ni kusikiliza besi peke yake na kudai umeisikia kwaya nzima.

Kwa hiyo uzee wa babu si dhamana kwa mjukuu anayevuta. Nanyi mnaopeleka Komunyo kwa wagonjwa, msianze kwa kuuliza mtu alivuta sigara ngapi. Sehemu ya mzigo wake aliirithi kwa wazazi, kama alivyorithi kimo chake, na wapo wanaougua saratani hii ambao hawajawahi kuvuta hata moja.