Ushelisheli: laini ipi, bando lipi?

Ukihamia Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, kufanya kazi, swali la kwanza kutoka nyumbani litakuwa kama upo hewani. Wauzaji wa mtandao si wengi, kwa kuwa visiwa vyote vina wakazi laki moja na ushei tu. Cable & Wireless ndiyo kongwe; mizizi yake ni waya wa telegrafu uliotandazwa kutoka Zanzibar mwaka 1893. Airtel ilianza kazi 1998. Intelvision huuza televisheni ya waya na intaneti ya nyumbani. Mwaka 2012 waya wa baharini wa SEAS uliunganisha Mahé na Dar es Salaam; kabla ya hapo tegemeo la intaneti lilikuwa setilaiti.

Laini ya nyumbani au ya huko? Iache ya nyumbani ipokee meseji za benki, data yake ukiwa umeizima. Jina la Airtel lisikudanganye: laini uliyosajili Dar au Nairobi ikifika Mahé ni mgeni, na masharti ya mgeni huulizwa kabla ya safari. Kwa matumizi ya kila siku, nunua laini ya huko. Beba pasipoti ya kusajilia.

Bando la wiki au la mwezi? Hapa ndipo wengi huliwa. Tuchukue mfano wa kubuni: bando la siku 7 lina GB 5 kwa rupia 150, la siku 30 lina GB 8 kwa rupia 400. La kwanza ni rupia 30 kwa GB, la pili 50. Lakini anayetumia GB 2 tu kwa wiki atanunua la wiki mara nne, alipe rupia 600, na GB 12 zimwishie bila kuguswa. Kwa hiyo gawa bei kwa GB utakazotumia, achana na zilizoandikwa kwenye tangazo.

Intaneti ya nyumbani? Saa moja ya video ya kawaida hula karibu GB 1, na ya HD hufika GB 3. Simu ya sauti ya WhatsApp hula takriban nusu MB kwa dakika. Anayepiga simu tu hahitaji waya. Wanaopanga pamoja na kutazama mpira kila jioni wanauhitaji, wachangiane. Uliza kikomo cha data, gharama ya kufungiwa, muda wa mkataba, na kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 15.

Televisheni? SBC, shirika la taifa, hutangaza kwa Kikreoli, Kiingereza na Kifaransa. Anza na hiyo, chaneli za kulipia ziongeze ukishajua unachokikosa.

Kama kazi yako iko Praslin, La Digue au visiwa vya mbali, usiamini ramani ya mtandao. Muulize anayelala huko anatumia laini gani, ununue hiyo.