Fotokopi, Kudub ama Mtumba? Jua Neno Kabla Uite Msee Mwizi wa Ngoma

Siku hizi ngoma ikidrop, haimalizi dakika tano kabla komenti ya kwanza iingie: "Huyu ameiba." Hakuna kusikiza mara ya pili. Shida ni kuna njia mob za kutumia kazi ya mwenyewe, na sisi zote tunaziita wizi. Hilo neno likikushika, promota hapigi simu tena. Na wale wameibiwa kweli hawasikiki, ju kila kitu inaitwa wizi. So wacha tupange haya maneno.

Kudub

Hii uliijua darasani. Deskimeti amefanya hesabu, wewe unahamisha yote mpaka makosa yake. Siku za kaseti pia, kudub ilikuwa kutoa ngoma kwa kaseti moja kuingiza kwa ingine. Mwenye amedub utamjua haraka: muulize kwa nini kitu fulani iko hapo, hana jibu.

Fotokopi

Ingia cyber yoyote pale stage ya 46, Kawangware. Karatasi inatoka kama ile ingine, ila imefifia kiasi. Msanii fotokopi anaweza kuwa hajaiba hata mstari mmoja. Amechukua sauti ya mwingine, mavazi, hadi kutembea. Ethic walidrop "Lamba Lolo" 2018, Sailors wakaja na "Wamlambez" 2019, halafu kila mtaa ukatoa mbogi yake: mmoja anaita, wengine wanaitikia, biti ni zilezile. Ukitoa fotokopi ya fotokopi, mwishowe maandishi hayasomeki. Mafans walichoka.

Kuiga

Neno poa lenye tunalitusi bure. Fundi wa nguo anaonyeshwa picha kwa simu, anaambiwa "nishonee kama hii." Kitambaa ni kingine, mwili wa kastoma ni mwingine, so lazima afikirie. Hivyo ndivyo kazi inasomwa. Wahenga walisema ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba. Cheki vizuri: shida hapo si kuiga, ni saizi.

Feki

Hapa kuna uongo. Jezi imebandikwa nembo ndio uamini ni OG. Anayeiga hana haja ya kuficha ameiga nani. Mwenye feki lazima afiche, ju ukijua, hununui.

Mtumba

"Hiyo joki ni mtumba" maanake imevaliwa na wengi kabla yako. Lakini mtumba si feki. Enda Toi ama Gikomba: kuna kamera, ile grade ya kwanza inachaguliwa marobota yakifunguliwa, na kuna fagia, yale mabaki ya mwisho. Wazo la zamani pia liko hivyo. Ukichagua kamera na ukajua kurekebisha, utashinda mwenye amevaa mpya.

Kupika upya

Hapa ndipo vita ya Arbantone iko. Tangu ichomoke 2023, hii style imechukua riddim za dancehall na mangoma za genge za kitambo, ikaweka maneno ya sasa juu. Wazee wa genge wengine wanaskia wamerudishwa mjini, wengine wanaskia wameporwa. Jamaica riddim moja kubebwa na wasanii wengi ni kawaida. Hata Sleng Teng ya 1985, yenye imeimbiwa mara mia na zaidi, ilianzia kwa mdundo uliokuwa tayari ndani ya kinanda cha Casio. Hapa kwetu DJ Afro amefanya watu walipie movie yenye walishaiona, ju wanataka sauti yake.

Na sheria je?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haidai kazi iwe mpya kama mtoto wa leo. Inataka uwe umetia jitihada ya kutosha kuipa sura yake, na iwe imeandikwa ama kurekodiwa. Wazo tupu na style hazina mwenyewe, so fotokopi ni aibu tu, hakuna wa kukushika. Lakini ukikata kipande cha rekodi ya mtu bila ruhusa, hiyo ni kesi. Na kuandika jina lake chini ya video si ruhusa. Kama wewe ndio unapika, ongea na mwenye ngoma mapema, na yako uisajili KECOBO.

So kabla utype "ameiba," jiulize vitu tatu. Ameficha ametoa wapi? Ameongeza nini? Mwenyewe amelipwa? Kama ameficha, hajaongeza na hajalipa, piga nduru, uko sawa. Kama ameongeza lakini hajalipa, mwambie alipe, usimuue.

Ju hata hii Sheng tunabonga imeazima Kiswahili, Kizungu, Kikuyu, Kijaluo na Kiluhya. Na bado ni yetu.