Nyambizi, Mafuta na Fueli

Chombo cha vita kisafiricho chini ya bahari kimepata jina zuri katika Kiswahili: nyambizi. Msemaji wa pwani husikia ndani yake mbizi, na kwa hiyo haulizi maana. Ambao haujapata jina zuri ni mtambo uliokibadili chombo hicho, ambao mara kwa mara hufasiriwa "seli ya mafuta". Jina hili lapotosha, tena lapotosha pale hasa ulipo ufundi wenyewe.

Watu wa Afrika ya Mashariki waijua nyambizi kwa msiba. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldivi na nyambizi ya Kijapani, I-27. Walikufa watu wapatao 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. I-27 nayo ilizamishwa siku ile ile. Ilikuwa nyambizi ya dizeli na umeme, kama nyingi za wakati wake: injini ya dizeli hujaza betri, nazo betri huendesha mota chini ya maji. Lakini dizeli haiwaki pasipo hewa. Betri zikiisha, sharti chombo kipande juu, au kichomoze mrija wa kuvutia hewa, na ngurumo ya injini husikika mbali. Kwa kweli, kilikuwa chombo cha juu ya maji kilichojua kupiga mbizi.

Nyambizi ya Kijerumani U 31, iliyoanza kazi mwaka 2005, ina dizeli vilevile, ila imeongezewa mtambo usiohitaji hewa ya nje. Haidrojeni huhifadhiwa ndani ya madini maalumu yanayoinyonya, na oksijeni huwekwa katika matangi ikiwa imegeuzwa maji kwa baridi kali. Gesi hizo mbili hukutana kwa kupitia utando mwembamba, na katika kuungana kwao hutoka umeme, joto kidogo na maji. Hapana moto, hapana mlipuko, hapana pistoni; ndiyo sababu ya ukimya wake. Mwaka 2013 mwenzake, U 32, alikaa siku 18 mfululizo chini ya maji akivuka Atlantiki.

Mafuta yako wapi hapo? Hayapo. Katika Tingi, na pwani yote ya Kilwa, mafuta ni ya nazi, ya taa, ya kujipaka, ya mashine ya boti. Maana ni pana, lakini ina mpaka. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 huchomwa Dar es Salaam kufua umeme. Hata hivyo yaitwa gesi, haiitwi mafuta. Mwanafunzi aambiwaye "seli ya mafuta" atadhani kuna dizeli inayochomwa mahali fulani. Heri fueli, neno ambalo limekwisha kuingia katika lugha, wala halibagui kuni, gesi wala petroli.

Lililo gumu zaidi ni seli, ambayo kwa wengi ni chumba cha polisi. Betri haifai, kwa kuwa betri hula akiba iliyo ndani yake, na mtambo huu hulishwa kutoka nje. Kwa kulishwa wafanana na jiko. Lakini jiko lataka moto, na "jiko la umeme" limekwisha kupewa kazi nyingine jikoni.